Hefsiba na Shira ya Utulivu

Machi 1, Jumapili
Electa, una miguu au huna? Treni inasimama hapa Marlbury kila siku ya kazi, na sijasikia bado kwamba wamekataza kupakia watu wa ukoo wa Wadleigh. Majira ya baridi mawili yamepita hujakanyaga mlango huu. Unasema kiwanda hakikupi nafasi. Kiwanda hakikukuzaa. Mimi bibi yako pia sikukuzaa, lakini nilikupokea ulipotoka, ukiwa mwekundu kama kiazisukari na una hasira za babu yako, kwa hiyo nina haki ya kukusema.

Uliponifundisha herufi hapa mezani, mapengo yako yakipiga miluzi kila ukitamka S, hukujua kwamba nitakuja kuzitumia kukugombeza. Ndiyo leo. Shule sikwenda hata siku moja, basi usinisahihishe. Naandika kwenye almanaka ya bure ya wauza dawa. Kila siku wameacha mstari mmoja mweupe, nadhani wanafikiri mtu wa milimani hana la kusema zaidi ya mvua na ndama. Siku ikizidi mstari nitaandika nyuma ya mabaki ya karatasi ya ukutani, ile ya maua ya buluu. Msimu wa sukari unaanza. Nitakuandikia wote, ukija usome uone ulichokosa.

Machi 3
Baridi kali. Baba yako mdogo Asahel ametoboa mashina ya miti ya sukari upande wa jua na kutia mirija ya kukinga utomvu, ule tunaouchemsha mpaka uwe sukari. Hakuna tone.

Machi 4
Hakuna tone. Orrin amelia asubuhi nzima.

Humjui Orrin. Ni mtoto wa Roxana Pike, jirani mpya ng'ambo ya kijito, aliyeolewa na yule Dana wa kukata magogo. Nilimzalisha mwenyewe mwezi wa Novemba. Ana miezi minne na ana chango, tumbo linamsokota tangu alfajiri. Kelele zake zinavuka kijito, zinapita shambani, zinaingia humu jikoni bila kubisha hodi. Asahel anasema mtoto yule atakuwa mhubiri. Mimi napenda kumsikia. Mtoto anayelia ni mtoto anayedai.

Machi 6
Theluji.

Machi 7
Nimekwenda kwa Roxana na mbegu za shamari. Nilimwonyesha jinsi ya kuzichemsha, kuchuja kwa kitambaa na kumpa mtoto ikiwa vuguvugu, na kumlaza kifudifudi juu ya mapaja huku ukimsugua mgongo. Akaniangalia kana kwamba nimempa maji ya kuoshea vyombo. Ni binti wa mjini, baba yake alikuwa na duka la kofia. Ana vidole vya kushika sindano. Vyombo vya asubuhi vilikuwa bado mezani na saa sita imekwishapita. Nikasema moyoni, huyu Dana amejiokotea mdoli.

Asahel alicheka niliporudi, akasema, "Mama, wewe hata malaika akija na vyombo vichafu utamrudisha alikotoka."

Nikamjibu kwamba malaika ana mabawa, hana kisingizio.

Machi 10
Usiku barafu, mchana jua. Utomvu umeanza. Tik, tik, tik kwenye ndoo, msitu mzima. Laiti ungesikia.

Machi 11
Unatiririka. Asahel na maksai hawajapumzika. Dana Pike ameitwa mtoni kusukuma magogo, na Roxana amebaki na miti yao yote na tanuru la kuchemshia utomvu. Tutaona hivyo vidole.

Machi 13, Ijumaa
Leo mstari hautoshi.

Nilikwenda dukani kununua chumvi. Shemasi Bickford, yule mwenye duka na ufunguo wa kanisa, alitoka nyuma ya meza kunipokea, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu amwoe yule mke wake mwenye pesa. Akanishika mkono, akasema mji wote unajivunia mimi. Nikamuuliza nimekufa au vipi. Akacheka, akanipa karatasi ya matangazo iliyotoka mjini na shehena mpya ya dawa. Ni ya Shira ya Utulivu ya Mama Tiverton, ya watoto wachanga: hutuliza chango, meno na kilio, majani matupu, haina madhara. Katikati, ndani ya duara la maua, kuna maneno haya. Nayanakili herufi kwa herufi:

"Nilimpa Hefsiba, akalala. Sijapata kuona dawa kama hii maishani mwangu. Bi Zilpha Wadleigh, mkunga, Marlbury, Vermont."

Electa, nilisimama pale katikati ya duka nikacheka mpaka nikaegemea pipa la achari.

Hukuwapo, kwa hiyo sikiliza. Msimu wa kupukutika majani alipita wakala wao, Bwana Lucian Croft, mwenye gari la njano na nywele zilizopakwa mafuta ya kunukia. Akanipa chupa ya bure, akasema nijaribu kwa wanawake ninaowazalisha. Mimi simtii mtoto wa mtu kinywani kitu nisichokijua. Siku zile nguruwe wetu mkubwa jike alikuwa amezaa, ana wasiwasi, anazungukazunguka anawakanyaga wanawe. Jina lake Hefsiba. Nikammiminia chupa nzima kwenye pumba. Akalala. Alilala siku ile na kesho yake, hageuki, hapumui vizuri, maziwa yamekauka, na wanawe watatu wakafa kwa njaa wakiwa wamemng'ang'ania chuchu. Croft alipopita tena nilitoka nje na ufagio. Nikamwambia: nilimpa Hefsiba, nguruwe wangu, chupa nzima, akalala, karibu asiamke, na wanawe wamekufa. Sijapata kuona dawa kama hii maishani mwangu, na ukiniletea nyingine nitakunywesha wewe. Alitoa kalamu akaandika. Nikadhani anawapelekea wakubwa wake mashtaka.

Neno langu kila moja lipo. Wamenikatakata tu, kama kuku wa mchuzi, kichwa wakatupa.

Nyumbani Asahel alicheka hadi chozi. Akaibandika karatasi juu ya jiko.

Machi 14
Utomvu mwingi. Orrin amelia kutwa. Mhubiri.

Machi 16
Mikono inanuka moshi na sukari. Orrin hakulia leo. Shamari imeshika.

Machi 17
Orrin hakulia. Nilijua tu. Bibi hakwenda shule lakini tumbo la mtoto analisoma.

Machi 19
Baridi imerudi, ndoo zimeganda. Kimya ng'ambo.

Machi 20
Kimya.

Machi 21
Jua kali. Utomvu umefunguka kama mlango uliopigwa teke. Kila mtu yuko msituni, hata mke wa Asahel na mgongo wake unaouma. Kutoka ng'ambo naona moshi wa Roxana tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Sikutegemea. Labda mdoli ana mifupa.

Machi 24, Jumanne
Naandika nyuma ya karatasi ya ukutani. Sina uoga tena. Sasa ni hasira.

Karibu saa sita mchana niliepua sufuria ya maharage motoni, nikasema nimpelekee Roxana, maana mtu anayechemsha peke yake hali. Nilivuka kijito juu ya magogo. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi, mvuke umejaa, naye yuko juu ya karai kubwa la kuchemshia, anakoroga huku na huku anaweka kuni. Nywele zimemganda usoni. Vile vidole vya sindano vilikuwa na malengelenge, vingine vimepasuka, amevifunga matambara. Akaniambia tangu Dana aondoke hajalala kitandani, analala ameketi hapo, maana karai likiachwa linaungua, na wakikosa sukari ya mwaka huu shamba litarudi kwa mwenye shamba. Alisema vile kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikaona haya kwa ajili ya vile vyombo.

Nikamuuliza mhubiri yuko wapi.

"Amelala, bibi. Siku hizi ni mtoto mzuri sana."

Alikuwa kwenye kikapu cha nguo karibu na tanuru, penye joto. Nilimfunua. Electa, nimepokea watoto wa bonde hili tangu kabla mama yako hajazaliwa, na najua usingizi wa mtoto. Ule haukuwa usingizi. Midomo ilikuwa na rangi ya zabibu. Nilimwinua mkono, ukaanguka. Alivuta pumzi, nikangoja, nikangoja, nikaanza kuomba, ndipo akavuta nyingine. Nikafunua kope: mboni ndogo kama tundu la sindano. Mboni zile naziona mpaka leo machoni mwa babu yako, siku zake za mwisho, daktari alipokuwa anamdondoshea afyuni ili afe bila kupiga kelele.

Nikasema, "Umempa nini?"

Akatoa chupa mfukoni mwa aproni. Mama Tiverton, na kifuniko chake cha bati. Nikaionja kwa ncha ya ulimi. Juu sukari, chini yake uchungu ule ule wa matone ya babu yako.

Sikumpigia kelele. Kelele ningepiga za nini na pumzi za mtoto zinahesabika? Nilimvua Orrin nguo zote, nikamtoa nje mlangoni penye baridi, nikampaka theluji miguuni na kifuani, nikamfinya nyayo, nikamsugua, nikamrudisha ndani kwenye joto, nikamtoa tena. Nikamwambia Roxana achemshe kahawa nzito, nyeusi kama lami. Tulichovya kitambaa tukamkamulia matone mdomoni, tunamkuna koo ameze. Daktari yuko Sharon Mills, na barabara yote ni tope linalomeza gurudumu. Hakuna aliyekuwa anakuja. Tulikuwa sisi wawili na tanuru.

Nyuma yetu karai likaanza kunuka. Sukari ya siku nzima iliungua, ikatoa moshi mweusi ukajaa kibanda. Roxana hakugeuza hata shingo. Alikuwa amempigia mwanawe magoti kwenye theluji, anampiga nyayo kwa kiganja na kumwita, "Orrin. Orrin Pike. Mnyanyasaji wewe. Nililie. Nilikuwa naomba unyamaze, sasa nakuomba unililie."

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vilele vya miti alipokunja uso. Akakunja tena. Halafu akafungua kinywa, na kilio kikatoka kidogo, kikavu, kama mlango wa zamani. Kisha kikubwa. Kisha chote. Roxana alikaa chini kwenye tope akamnyonyesha akiwa uchi hivyo hivyo ndani ya shali yangu, na wote wawili walikuwa wanalia, na mimi nilikuwa natukana maneno ambayo sitakuandikia.

Tulipotulia nikamuuliza kwa nini hakuniuliza mimi kwanza. Nyumba yangu anaiona kutoka dirishani.

Akanitazama kama hakunielewa. "Lakini bibi, wewe ndiye uliyesema. Ilikuwa kwenye karatasi. Nilidhani shamari ni dawa ya kizee tu, umenipa kwa kuwa hukutaka kunitisha na bei ya chupa. Nikasema kama bibi alimpa mjukuu wake Hefsiba akalala, mimi ni nani?"

Nikasema, "Hefsiba ni nguruwe, mwanangu."

Hakucheka. Wala mimi.

Machi 25
Nimelala kwao, zamu kwa zamu. Orrin amelia kutwa. Utomvu unatiririka na hakuna wa kuuchota. Asahel alikuja na maksai bila kuambiwa, akalisugua lile karai kwa mchanga, akawasha tanuru. Nyumbani ile karatasi juu ya jiko imeondolewa.

Machi 27
Dukani. Nilimwambia Shemasi aondoe chupa zile, na zile karatasi azitie motoni. Alinisikiliza akiwa ameweka vidole tumboni. Akasema anasikitika, lakini mama yule alizidisha kipimo, akina mama vijana wana haraka. Tena, akasema, maneno yamechapishwa na jina langu liko chini yake. Mtu hawezi kurudisha neno lililochapishwa.

Nikamwambia, "Mimi sikutoa neno, nilitoa nguruwe. Na wewe Hefsiba unamjua."

Akaanza kupanga vibiriti.

Sikiliza, Electa. Sitakaa hapa nijipige kifua kwamba ni kosa langu. Si langu. Lakini jina ni langu. Wamelitia kwenye chupa wakalipeleka kwenye vinywa vya watoto niliowashika mimi kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Mwanamke wa bonde hili akisikia "Zilpha kasema", hafikirii tena. Nimelijenga jina hilo kwa kutoka nje kwenye theluji na taa mkononi. Nitalichukua kwao, hata kama ni kwa meno.

Machi 30
Mvua. Tope mpaka gotini. Nimefika nyumba nne. Katika mbili nimeona chupa.

Aprili 1
Mvua.

Aprili 2
Mke wa Shemasi anawaambia watu kwamba bibi Zilpha ameanza kusahau. Alisema neno, sasa hakumbuki kalisema, maskini, ni umri. Nilipofika kwa Lurana Stiles, ambaye ana pacha, alinikalisha kitini, akanifunika magoti, akanipa maziwa ya moto na kusema nami polepole. Nikamwambia nguruwe ni nguruwe. Akasema, "Ndiyo, bibi," kwa sauti ile tunayotumia kwa wagonjwa. "Lakini hapa imechapishwa."

Yaani karatasi inajua nililolisema kuliko kinywa kilicholisema. Na pacha walikuwa kimya kitandani, wote wawili.

Nikaichukua chupa yake mezani nikaimimina kwenye ndoo ya majivu. Akalia. Aende akalie kwa Shemasi.

Aprili 5, Pasaka
Kanisani kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu. Ndipo Roxana akaingia amechelewa na Orrin, akapita katikati ya watu wote, akakaa hapo. Orrin alilia wakati wa sala. Nilisikia fahari.

Aprili 8
Nimegombana na Asahel. Bango limebandikwa posta: Croft atakuja kwenye karamu ya sukari ya kufunga msimu, ukumbini kanisani, Ijumaa ya tarehe kumi na saba, atatoa hotuba na chupa za bure kwa akina mama. Nikasema nitampeleka Hefsiba karamuni. Asahel akasema watu watatucheka vizazi na vizazi, tutaitwa Watu wa Nguruwe, na hiyo ni kanisani, mama, na Shemasi ndiye anayenunua sukari yetu.

Nikamwambia wacheke. Mtu akicheka amefungua masikio.

"Hatakubali kutembea," akasema. "Ni mkubwa kama sofa."

Nikasema nitamburuta basi. Akatoka, akaupiga mlango.

Aprili 11
Vyura wameanza kulia kinamasini. Utomvu umekuwa wa njano, una ladha ya gome. Msimu umekwisha. Tumevuna vizuri, sifa kwa Mungu na kwa maksai.

Aprili 14
Asahel hasemi nami.

Aprili 17
Kesho nitaandika. Nimechoka, na nguo zangu zinanuka zizi.

Aprili 18, Jumamosi
Asubuhi ya jana nilikwenda zizini na kamba. Nikamkuta Asahel amekunja mikono ya shati, ana ndoo ya maji ya moto na brashi ya farasi, anamsugua Hefsiba nyuma ya masikio. Hakuniangalia. Alisema, "Kama anakwenda kanisani, haendi na tope."

Nikaingia ndani nikalia kidogo, halafu nikamtengenezea kiamshakinywa cha watu wawili.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Theluji waliitoa upande wa kivuli wa ghala, wakaishindilia kwenye mabeseni, na shira ya moto ikawa inamiminwa juu yake ikigeuka nta, watu wanaizungusha kwenye uma na kuisukumia chini kwa achari kali na donati. Kila mtu alikuwa na kidevu kinachonata. Ndipo Shemasi akagonga meza, na Bwana Croft akapanda jukwaani na nywele zake za mafuta na kreti ya chupa.

Anajua kusema, sikatai. Alisema juu ya mama aliyechoka na mtoto asiyelala mpaka nikaona Lurana Stiles anapangusa macho. Akasema hana haja ya kuleta shahidi kutoka mbali, shahidi yuko hapa hapa. Akayasoma maneno yangu kwa sauti ya mahubiri. Watu wakageuka kunitazama.

Nilisimama. Nikasema, "Yasome tena, bwana, masikio yangu yamezeeka."

Akayasoma tena, kwa huruma.

"Na huyo Hefsiba ni nani?"

Akatabasamu kwa watu wote. "Mjukuu wako kipenzi, bila shaka, mama."

"Umesikia, Asahel," nikasema. "Mlete mjukuu."

Asahel alifungua mlango wa pembeni. Hefsiba aliingia akifuata ndoo ya masalia ya shira, msafi kama bibi harusi, na mbao za sakafu zikalia chini yake. Halafu akaona beseni la theluji na sukari mbele ya mke wa Shemasi, akatia kichwa chote ndani, na ukumbi ukapasuka. Sijasikia kicheko kama kile katika nyumba ya Mungu. Wanaume walikuwa wanapigana mabega. Shemasi alinyanyuka, mwekundu, akataka mnyama atolewe nje.

Nikamwambia, "Shemasi, Krismasi ulimla mwanawe, ukaniambia hujapata kula mtamu kama yule. Leo hutaki hata kumsalimia mama?"

Niliwaacha wacheke mpaka wakaanza kujipangusa macho. Hapo ndipo nilipowahitaji. Nikawaambia maneno yote, na vile vipande walivyovitupa: nguruwe, chupa nzima, wanawe watatu juu ya chuchu kavu. Kicheko kikaanza kufa safu kwa safu. Croft akasema, kwa upole, kwamba mnyama si kipimo, hakuna mtoto wa binadamu aliyewahi kudhurika.

Roxana akasimama nyuma. Sikuwa nimemwomba. Yule binti wa kofia, hajawahi kusema mbele ya watu zaidi ya wanne. Alimwinua Orrin juu, mbele yake, wote wamwone.

"Huyu alikuwa na rangi ya zabibu," akasema. "Nilimpa kipimo kile kile kilichoandikwa, sikuongeza tone. Nilimpa kwa sababu nilikuwa na kazi na nilikuwa peke yangu na karatasi ilisema bibi Zilpha. Nyinyi pia mko peke yenu. Nawajua, tunasikia watoto wetu wakilia tukiwa kwenye tanuru. Basi rudini nyumbani mkafunue kope zao mtazame."

Akakaa.

Lurana Stiles alikuwa wa kwanza kuondoka. Hakuvaa hata koti, alikimbia. Croft alifunga kreti yake akiongea na Shemasi chinichini, na gari la njano lilikuwa limeondoka kabla Hefsiba hajamaliza beseni la pili.

Aprili 20
Pacha wa Lurana wazima. Mmoja alikuwa mgumu kuamka, lakini ameamka. Nimekuwa huko tangu jana. Hakuniomba radhi, nami sikungoja. Alinipa mmoja nimshike, ndiyo ilikuwa radhi.

Aprili 23
Usidhani mambo yamenyooka. Shemasi ametoa chupa rafu ya mbele, amezipeleka rafu ya nyuma, na anayezitaka anajua pa kuuliza. Amekataa sukari ya Asahel, anasema ina nywele za nguruwe. Asahel amepakia yote kuipeleka Sharon Mills. Watoto njiani walimlilia kinguruwe. Aliporudi aliniambia naye aliwajibu kinguruwe, na amewashinda.

Nimesikia pia kwamba Croft anasema huko kwingine mimi ni kichaa. Vizuri. Kichaa hawezi kuwa shahidi wake.

Aprili 26, Jumapili
Tope linakauka, miti imeanza kupata wekundu wa machipukizi. Kila jioni wanawake watatu au wanne wanakuja jikoni kwangu na watoto wao wenye chango, wanakaa wamewalaza kifudifudi mapajani, wanasugua migongo na kusengenya. Kelele haivumiliki. Tumepatana kwamba msimu ujao, mwenye tanuru achemshe na asiye na tanuru ashike watoto, kwa zamu, na mtu asiwe peke yake tena. Roxana ndiye aliyelipanga. Mdoli! Nilisema mdoli, nimeandika juu hapo, nami sifuti, ili uone bibi yako naye hana macho kila siku. Dana amerudi kutoka mtoni akamkuta mke aliyebadilika mikono, na ameambiwa aoshe vyombo.

Karatasi ya ukutani imekwisha, na kilichobaki nakuambia mara moja, sikiliza. Omba ruhusa, au usiombe. Panda treni. Ukishuka usije hapa moja kwa moja. Pitia kwa Roxana kwanza, na usiingie kwa kunyata kama watu wa mjini mnavyoingia penye mtoto aliyelala. Gonga mlango kwa ngumi. Mwamshe Orrin. Mwache alie kwa nguvu zake zote mpaka kilio kivuke kijito, nami nitamsikia huku, nibandike maji jikoni, nijue umefika.